Chui na Vito vya Mjomba Wake

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika. Wale wa nyuma mnaotafuna karanga, mezeni kwanza, hadithi haiingii kwenye masikio ya mtu anayetafuna. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Dhahabu!

Dhahabu ya nani?

Ya aliyeivaa!

Na akiivua?

Mnaona, mmenyamaza. Hata wanyama walinyamaza hapohapo, na kimya chao ndicho kilicholeta taabu yote ninayotaka kuwasimulia.

Hapo kale wanyama walikuwa na mfalme, Simba, na mfalme alikuwa na kasha. Ndani ya kasha mlikuwa na vito vya ufalme: kidani kizito cha dhahabu, vikuku vya fedha, vipuli vya feruzi, na pete ya yakuti ambayo ukiitazama sana macho yanauma. Mfalme alivivaa siku za sikukuu tu. Siku nyingine zote kasha lilikaa wazi barazani, na mwali yeyote wa msituni alipoolewa, mama yake alikuja akaazima.

Ndiyo ilikuwa desturi. Hakuna bibi harusi aliyetolewa nje bila kidani cha ufalme. Binti Tembo aliolewa, kidani hakikumtosha shingoni, wakamfungia sikioni kwa kamba. Binti Chura aliolewa, kidani kikamlemea, wakambeba yeye na kidani chake juu ya ungo. Kesho yake vito vinaoshwa kwa ndimu na majivu, vinarudishwa kashani. Hakikupotea hata kipuli. Na sisi watu je? Dada yangu aliazima bangili yangu siku ya harusi yake, leo ana wajukuu, na bangili bado anayo mkononi.

Siku moja mfalme akafa. Wanyama wakalia, matanga yakawekwa. Kiti cha enzi kikawa cha mwanawe, Simba mdogo, ambaye alikuwa bado ananyonya, na mpaka akue kiti kikashikiliwa na Waziri Nyumbu. Nyumbu alikuwa mzee mwema sana, ila akiulizwa jambo gumu huangalia kwato zake.

Watu walikuja matangani, mmoja na unga, mwingine na kuni, mwingine na maji. Akaja na Chui, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Simba na chui wanakuwaje mtu na mpwa wake? Muulizeni huyo dada, mimi sikuwapo. Chui yeye alikuja na kapu tupu. Mnawajua watu wa kapu tupu. Hulia kuwashinda wafiwa, na jicho moja likitoa machozi jingine linatazama kitanda cha marehemu ni cha mti gani.

Matanga yalipokwisha, mali ikagawiwa. Sheria yao ilikuwa nyepesi. Vitu vya kiti hukaa na kiti, navyo ni vya wote. Vitu vya mwili, yaani fimbo ya marehemu, kitanda chake, mkeka wake, huenda kwa mpwa wake. Chui akapewa fimbo, akatia kapuni. Akapewa mkeka, akatia kapuni. Kisha akatia mkono kashani.

"Hivyo ni vya kiti," akasema Waziri Nyumbu.

"Kidani kinavaliwa wapi?" akauliza Chui.

"Shingoni."

"Kiti kina shingo?"

Nyumbu akaangalia kwato zake.

"Vipuli vinavaliwa wapi?"

"Masikioni."

"Kiti kina masikio?"

Nyumbu akazidi kuangalia kwato zake. Chui akachomoa makucha, akajikuna nayo shavu polepole, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa na neno. Basi akavaa kidani, akavaa vikuku, akavaa vipuli, pete akaitia kwenye kidole cha mguu. Akaondoka zake. Cheng, cheng, cheng.

Tangu siku hiyo Chui hakuvivua. Alikwenda mtoni kujitazama, cheng cheng. Alikwenda kuwinda, cheng cheng, na wawindwa wakamsikia kutoka mbali wakakimbia, lakini hakujali. Alilala navyo, kwa kuwa mtu aliyechukua cha watu huwaona watu wote ni wezi. Binti Ngiri akaolewa shingo tupu, na wakwe zake wanamsema mpaka leo.

Sasa katika msitu huo alikaa Bi Sange. Sange mnamjua, yule mnyama mdogo kama ngumi, mwenye pua ndefu isiyotulia, inayochezacheza wakati wote. Bi Sange alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti yake Kidawa. Kidawa alikuwa ameposwa na watu wa ukoo wa Buku, wale panya wakubwa wa ng'ambo ya mto, wanaojiona kwelikweli. Harusi ilikuwa Ijumaa. Mama wa bwana harusi, Bi Buku, akaleta ujumbe: amesikia kwamba siku hizi mabibi harusi wa upande ule wanatolewa shingo tupu. Yeye hapokei mke wa hivyo. Wakifika wasione kidani, watageuza njia wao na ngoma yao.

Bi Sange akajifunga kanga, akachukua kibuyu cha asali, akaenda kwa Chui. Tu-tu-tu, tu-tu-tu, vijiguu vyake. Akampigia shikamoo, akamweleza shida yake, akamwomba kidani kwa siku moja tu, kama desturi. Chui akachukua asali, akailamba yote, akaramba na kibuyu. Kisha akamjibu.

"Hivi si vya ufalme tena, ni vyangu, nimevirithi. Mtu haazimi shingo yake. Na wewe hiyo shingo ya kuvalia kidani unayo wapi?"

Akacheka mpaka vito vikacheka naye. Bi Sange akarudi nyumbani na kibuyu kitupu. Roho ilimuuma sana. Hakuililia dhahabu. Alikuwa anamfikiria Kidawa, mtoto wake wa pekee, ameshapakwa hina mpaka vifundoni, ameketi ndani amejifunika, analia bila sauti ili mama asisikie. Naye mama alikuwa anasikia.

Akakaa mlangoni. Pua ya sange, nimewaambia, haitulii. Ikitulia ujue mwenyewe anafikiri jambo baya. Basi ikatulia.

Asubuhi akaenda barazani kwa Waziri Nyumbu, akaomba watu waitwe wote, na Chui aitwe. Walipokusanyika akasimama juu ya kigogo ili aonekane. Wakangoja amlaumu Chui. Lakini Bi Sange akasema kwamba amefikiri usiku kucha, na ameona Chui ana haki. Kiti hakina shingo. Kiti hakina masikio. Vito ni vya mwili wa marehemu, na mrithi wa mwili ni Chui. Watu wakaguna. Chui akavimba kifua, akasema kumbe na wadogo nao wana akili.

"Ila tumemkosea," akasema Bi Sange. "Tumempa vitu bila kumvika urithi. Mrithi wa mfalme havai kimyakimya kama mwizi. Apakwe unga, aitike mbele ya watu, ili mtu asije kesho akasema si vyake."

Neno hilo lilimkolea Chui vizuri. Akainama mwenyewe apakwe. Waziri Nyumbu akaleta unga wa mtama, akamtia kwenye paji la uso, akamwuliza maswali ambayo mrithi huulizwa tangu enzi za babu zao.

"Vitu vyake ni vyako?"

"Vyangu," akaitika Chui, haraka.

"Jina lake ni lako?"

"Langu."

"Watu wake ni watu wako?"

Chui alikuwa anatazama pete yake inavyong'aa juani. Swali hakulisikiliza, aliitikia tu. "Wangu," akasema, na watu wakapiga vigelegele, na aliyepiga cha juu kuliko wote alikuwa Bi Sange.

Jamani, mtu akikuuliza jambo huku unatazama dhahabu, mwombe arudie.

Maana marehemu Simba alikuwa mfalme mwenye hekima, na hekima yake ilikuwa kuoa. Ukoo ukileta fujo, yeye anaoa binti wa ukoo huo, fujo inakwisha. Kwa hiyo alikuwa na mke kila upande wa msitu, na palipo na mke pana mama mkwe. Na mkwe kwa wanyama wale ni mtu wa kuogopwa. Humpiti akiwa mbele yako njiani. Huli akikuona. Hunywi akikuona. Akikusemesha, unafunika uso na kumjibu kwa upole mpaka achoke yeye. Na anayevunja mwiko huo, walisema wazee, hunyonyoka manyoya yote, akabaki upara kuanzia puani mpaka mkiani. Ni kweli? Mimi sijui. Chui naye, kwa jinsi alivyoyapenda madoa yake, hakutaka kujua.

Bi Sange hakulala. Akaenda kwa Bi Kanga. Akaenda kwa Bi Kobe. Akaenda kwa Bi Twiga. Hao wote walikuwa wakwe wa marehemu, na wote walikuwa wanyonge tangu afe, kwa kuwa mkwe akifa nani tena atakufunikia uso? Bi Sange akawapa habari njema, kwamba mkwe wao amefufuka na sasa ana madoa. Akawaambia hawana haja ya kumtafuta, watege masikio tu, watamsikia anakolia. Wakamshukuru, wakajipaka mafuta, wakatoka kwenda kumjulia hali mkwe.

Kesho yake Chui akapata paja la nyama. Usiniulize nyama ya nani. Akaliweka chini ya kichaka, akajilamba midomo, akafungua kinywa. Cheng.

"Kwe-kwe-kwe! Hodi, mkwe."

Ni Bi Kanga, amevaa madoadoa yake, anatembea kwa maringo. Chui hakuelewa mara moja. Bi Kanga akamweleza: si aliitika jina la marehemu? Si alisema watu wa marehemu ni watu wake? Basi yeye ndiye mama mkwe, na amekuja kumwona. Chui akakumbuka mwiko, akakumbuka madoa yake. Akafunika uso kwa mikono miwili. Paja akaliacha.

Bi Kanga akatua. Akamwuliza hali yake. Nzuri, mkwe. Akamwuliza hali ya nyumbani. Nzuri, mkwe. Akamwuliza hali ya mama yake, shangazi zake, na majirani mmoja mmoja, kisha akamsimulia ugonjwa wa mguu wake tangu ulipoanza. Nzuri, mkwe. Pole, mkwe. Ndiyo, mkwe. Siafu wakapita, wakaliona paja, wakaitana. Bi Kanga alipoaga, pale chini ya kichaka palikuwa na mfupa mweupe.

Chui akasema si neno, atakunywa maji, tumbo litatulia. Akashika njia ya mtoni, cheng cheng cheng. Njia yenyewe ni nyembamba, huku miiba, huku miiba. Mbele yake akaona kitu cha duara kinatembea, gamba likilia kila hatua. Kata. Kikapumzika. Kata. Kikapumzika.

"Nani huko nyuma analia cheng?" kikauliza. "Ni wewe, mkwe?"

Ni Bi Kobe. Chui akafunika uso. Kumpita haiwezekani, ni mkwe. Kurudi bila kuagwa haiwezekani, ni mkwe. Basi akamfuata. Bi Kobe anapiga hatua, Chui anapiga hatua. Bi Kobe anapumzika, Chui anapumzika. Kata. Kata. Jua likapanda, likasimama utosini, likaanza kushuka, dhahabu ikapata moto shingoni mpaka ikamwunguza. Na Bi Kobe njia nzima anamsifu. Anasema hajapata kuona mkwe mwenye subira kama huyu, hata marehemu mwenyewe alikuwa na haraka kidogo. Walipofika mtoni Bi Kobe akaketi ukingoni, akasema atapumzisha miguu hapo mpaka kuche. Chui akatazama maji kwa kupitia vidole. Kunywa mbele ya mkwe haiwezekani. Akameza mate, nayo yalikuwa machache.

Siku iliyofuata Chui akaona heri apande juu. Mti hauna wakwe, akajisemea. Kanga na mguu wake mbovu hafiki huko, Kobe hata ndotoni. Akapata kipande cha nyama, akapanda mti mrefu kuliko yote, akapanda mpaka tawi la mwisho. Kidani akakibana kwa meno kisilie. Kimya. Akatazama chini, hakuna mtu. Akatazama huku na huku, hakuna mtu. Akaleta nyama kinywani, na kinywa kimejaa kidani. Akafikiri. Akaachia kidani polepole. Cheng.

Majani mbele ya uso wake yakafunguka, kikatokea kichwa kikubwa chenye kope ndefu, kinatafuna.

"Hodi, mkwe," akasema Bi Twiga. "Kumbe na wewe unapenda upepo wa huku juu."

Chui akafunika uso kwa mikono miwili. Mtu aliye juu ya tawi akifunika uso kwa mikono miwili, tawi amelishika kwa nini? Po! po! po! akapiga matawi, puu! akaanguka chini na vito vyake vyote, na nyama ikamwangukia mgongoni. Bi Twiga akainamisha shingo mpaka chini, akamwuliza kwa huruma kama ameumia. Hapana, mkwe, akajibu Chui, na uso ameufunika.

Alhamisi Chui alikuwa amekwisha. Mbavu unaweza kuzihesabu kama ukili wa mkeka, kidani kinamning'inia mpaka tumboni. Akajikokota mpaka kwa Bi Sange, aliyekuwa anapeta mchele wa harusi. Cheng... cheng... Akakaa chini, akaomba shauri. Alisema yeye ni mwenye nguvu, simba na nyati hawamtishi, lakini wakwe hawa hawezi. Leo asubuhi alipojilamba ametoa unyoya mmoja ulimini.

Bi Sange akaweka ungo chini, akampa pole. Akamwambia avumilie. Ukipenda boga, upende na ua lake. Na amebahatika ameonana na wakwe wachache tu, bado Bi Ngiri, bado Bi Tumbili na dada zake, bado Bi Kiboko ambaye amesikia habari na ameshaanza safari, anakuja kukaa mwezi mzima.

Chui akatetemeka, vito vikatetemeka. Akauliza kama mrithi anaweza kujiuzulu. Bi Sange akasikitika, akasema hapana, mrithi wa mwili ni mwili. Labda tu kama vitu alivyochukua visingekuwa vya mwili. Vingekuwa vya kiti, basi asingekuwa amerithi kitu, na unga wa paji ungefutwa, na wakwe wangerudi kwao. Lakini haiwezekani, kwa sababu Chui mwenyewe alishathibitisha, na kwa hoja nzuri sana. Kiti hakina shingo.

"Kiti kina shingo," akasema Chui.

"Iko wapi?"

"Pale nyuma, mtu anapoegemea. Ni shingo ile."

"Na masikio?"

"Bi Sange, nakuomba. Kiti kina masikio."

Bi Sange akamwambia asifanye haraka. Ni haki yake, mjomba alikuwa wake, asije akajuta. Chui akalia machozi ya kweli safari hii, macho yote mawili, akamshika kanga yake. Ndipo Bi Sange akakubali, kwa shingo upande, akasema haya, basi twende, maana mimi sipendi kuona mtu akiteseka.

Baraza likaitwa mara moja. Chui akasimama mbele ya watu, akasema kwa sauti iliyokauka kwamba vito si vyake na havikuwa vya mjomba wake. Mjomba aliazima tu, kama mabibi harusi walivyoazima. Ni vya kiti, na kiti ni cha wote. Akavua kidani, akavua vikuku, akavua vipuli. Pete ilimganda, wakampaka mafuta ikatoka. Waziri Nyumbu akamfuta unga, na kabla hajamaliza kumfuta Chui alikuwa ameshafika mtoni, kichwa kizima kimezama majini. Bi Kobe alikuwa bado palepale ukingoni. Akamtazama, akaona si mkwe wake tena, akageuka kwenda kwao.

Likabaki swali, vito vikae kwa nani. Waziri Nyumbu akasema anaweza kujitolea yeye, na aliposema hivyo shingo yake ilijinyoosha kidogo bila yeye kujua. Watu wakaiona. Pundamilia akajitolea, nao wakamtazama shingo. Bi Sange akakohoa. Akasema yeye ni mtu mdogo na hana la kusema, ila ameona kwamba shingo yoyote inayokitosha kidani hukitaka. Kiwekwe kwa mtu asiyeweza kukivaa.

Watu wote wakamtazama yeye. Akasema la, mimi nani. Wakambembeleza. Akasema la, kijishimo changu kidogo, nitaona aibu. Wakambembeleza tena, kidogo. Akaona wanaanza kuchoka kubembeleza, akakubali upesi.

Ijumaa ngoma ya watu wa Buku ikavuka mto. Bi Buku mbele, pua juu, anatafuta shingo tupu aiseme. Kidawa akatolewa. Kidani hakikuvalika, kwa hiyo walikizungusha chini mara tatu na yeye wakamketisha katikati ya dhahabu, kama yai kiotani. Vikuku vya fedha vikawa nguzo zake huku na huku. Bi Buku akafungua kinywa, akapiga kigelegele kwa kuwa kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Bi Sange alicheza mpaka kanga ikamdondoka, kisha akajificha nyuma ya mtungi akalia kwa furaha. Hiyo ndiyo siku aliyokuwa anaihangaikia, na aliipata.

Tangu hapo vito vikakaa shimoni kwa Bi Sange. Kila mwali alipoolewa, mama yake alikuja akaazima, kama desturi. Havikuazimwa kwa malipo, Mungu apishe mbali, ni mali ya wote. Ila mama mwenye adabu haendi kwa mtu mikono mitupu, na Bi Sange alikuwa anapenda asali. Akanenepa. Kwenye kila harusi akakaa mkeka wa mbele.

Miaka ikapita. Bi Sange akazeeka, akafa, akaliliwa na msitu mzima. Kidawa akarudi kwa mama yake na watoto wake kuishika nyumba. Wakati huo Simba mdogo alikuwa ameshakuwa Simba mkubwa, na manyoya shingoni. Matanga yalipokwisha akaja mwenyewe mpaka mlangoni, akanguruma kwa heshima, akasema amekuja kuchukua vito.

"Vito ni vya wote," akasema.

Pua ndefu ikatokeza shimoni, ikachezacheza.

"Ni vya wote, Mfalme, nani amekataa?" akasema Kidawa. "Viko humo ndani, na mlango uko wazi. Karibu ingia uchukue."

Mfalme akatazama mlango. Ulikuwa mpana kama kikombe cha kahawa. Akatia kidole kimoja, kikagoma kwenye kiungo. Akageuka nyuma, watu wake wote walikuwa wanatazama mawinguni. Akakohoa. Akasema hakuwa na haraka, ila kuna sherehe ya kutawazwa kwake wiki ijayo, na kama haitakuwa taabu, angeomba kuazima kidani kwa siku moja.

Kidawa akamwazima. Akamwambia kirudi kimeoshwa kwa ndimu.

Sasa funzo, maana mkifika nyumbani mtaulizwa bibi yule kawafundisha nini, na sitaki lawama. Hadithi hii inatufundisha kwamba mali ya wote haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Inatufundisha kwamba tamaa haina faida kwa mtu mwenye shingo nene. Na wazee walisema mwenye nguvu mpishe, nami nasema hivyohivyo, mpisheni, apite mbele, huko ndiko wanakomsubiri wakwe zake.

Hadithi imefika kwangu, nimeitua. Anayeitaka na aibebe, anayeona nzito aikokote, na atakayesema ni yake peke yake, mimi nitamwuliza kama yuko tayari na wakwe.